Wingu la Upande wa Hifadhi

Novemba 2023, ndani ya basi la Musoma kwenda Mugumu, habari ilikuwa moja tu: Elnino. Aliyeianzisha ni baba mmoja, tulipoivuka barabara kuu ya Sirari pale Makutano na kushika njia ya Butiama. Alikuwa na bando la bati juu ya keria, na kila dereva alipokata kona alimwuliza kondakta kama limefungwa sawasawa. "Mwaka huu si wa bati legelege," alisema, na hapo basi zima likapata la kusema. Mama aliyekaa nyuma yangu, ndoo ya dagaa mapajani, alisema mwanawe aliyeko Mwanza amempigia simu kumkataza asipande tena maharage bondeni. Kijana mmoja akasema Elnino ni mambo ya watu wa pwani, huku haifiki. Walimjibu watu watatu kwa mpigo.

Walikuwa na sababu. Mwezi Agosti mwaka huo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba vuli, yaani mvua za Oktoba hadi Desemba, ingekuwa juu ya wastani katika sehemu nyingi za nchi zenye misimu miwili ya mvua, Kanda ya Ziwa ikiwamo. Maji ya Bahari ya Pasifiki yalikuwa yamepata joto kupita kawaida, ndiyo Elnino yenyewe, na upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, huku kwetu, nao ulikuwa na joto. Mambo hayo mawili yakikutana mwaka mmoja, vuli ya Afrika Mashariki huja na maji mengi. Ndivyo ilivyokuwa 1997, na ndani ya basi hilo kila mtu mzima alikuwa na 1997 yake: nyumba iliyolala, ng'ombe waliochukuliwa na mto, harusi iliyoahirishwa kwa sababu bwana harusi alikwama ng'ambo.

Tulipoingia Ikizu, karibu na Nyamuswa, bibi mmoja aliyepandia njiani alisikiliza mazungumzo hayo kwa muda, kisha akasema mvua ya nchi hii ina mwenyewe. Alimtaja Nyakinywa. Wazee wa Ikizu husimulia kwamba Nyakinywa alikuwa mwanamke aliyekuja kutoka upande wa Usukuma na elimu ya mvua, akamkuta mwindaji aliyekuwa na moto, wakashindana. Mvua ya mwanamke ikauzima moto wa mwanamume, na utemi wa Ikizu ukajengwa juu ya ushindi huo. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alizikusanya simulizi za namna hiyo kwa wazee wa Mara katika miaka ya 1990. Mimi nilizijua kwa kuzisoma. Kumsikia bibi akizitaja kwa sauti ya kawaida kabisa, mkono mmoja umeshika bomba la kiti, kulinifanya nielewe kwamba katika nchi hii mvua ni jambo la utawala tangu zamani. Anayejua itanyesha lini ndiye anayesikilizwa.

Mwenyeji wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, anaishi Morotonga, kata iliyo pembezoni mwa mji wa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Kutoka stendi unachukua bodaboda, unapita maduka ya vifaa vya ujenzi na vinu vya kusaga, kisha nyumba zinaanza kuachana na mahindi yanaingia katikati yake. Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye, wote unawakuta hapa, na Kiswahili chao kina mkazo ninaoupenda, wa mtu asiyezunguka. Mashariki na kusini iko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kaskazini, ukivuka Mto Mara, unaingia Tarime. Magharibi, mbali, liko ziwa. Ukitaka kujua hali ya hewa ya Morotonga lazima uanze na pande hizo, kwa sababu hakuna mtu huko anayesema "mvua inakuja" bila kusema inatoka wapi.

Siku ninayotaka kuisimulia ilianza na jua kali na fukuto. Saa tatu asubuhi shati lilikuwa limeshika mgongo. Dereva wa bodaboda aliyekuja kunichukua alitazama juu, ambako hapakuwa na wingu hata moja, akasema, "Leo jioni haikosi, mura." Nilimwuliza anajuaje. Akasema amelala bila shuka na bado ametoka jasho, na kwamba siafu wamehama chini ya jiwe la kufulia nguo nyumbani kwao. Kisha akaniuliza kama nina safari ya mbali, maana baada ya saa nane hapandi kilima cha udongo mwekundu kwa bei yoyote.

Nilikwenda naye hadi kwa wafyatua matofali. Kijito kinapita hapo chini, na vijana wanne walikuwa wamepanga matofali mabichi kwa safu, kazi ya wiki nzima, bado hayajaingia tanuri. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa udongo. Walikuwa wanabishana kama wafunike kwa nyasi au wakakodi turubai mjini, na ubishi huo ulihusu aina ya mvua. Nyasi zinatosha kwa mvua ya kunyesha wima. Mvua ya upepo inaingia ubavuni, nyasi zinaruka, safu ya nje inayeyuka na kuangusha ya ndani. Mkubwa wao aliamua turubai. Gharama yake ilikula faida ya matofali mengi, na hakuna aliyelalamika.

Kwenye nyumba ya jirani akina mama wawili walikuwa wameanika udaga, muhogo uliovundikwa, juu ya mawe mapana. Udaga ukinyeshewa kabla haujakauka unaota ukungu na kunuka, na chakula cha mwezi kinaharibika kwa alasiri moja. Mmoja wao alikuwa na simu, na katika kundi la WhatsApp la wazazi wa shule mtu alikuwa ameweka utabiri wa siku hiyo: mvua na ngurumo za radi katika maeneo machache ya Kanda ya Ziwa Victoria. Alinisomea, kisha akaniuliza swali ambalo nimekaa nalo hadi leo. "Sasa mwanangu, hayo maeneo machache ni wapi? Ni hapa?"

Mwenzake hakuusubiri utabiri. Alisimama, akatazama upande wa hifadhi, akaita watoto wa nyumba tatu, "Saa saba mje tuanue." Wakaja saa saba.

Swali la yule mama halina jibu jepesi, na si kwa uzembe wa watabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa inazo rada, na iliyo karibu iko Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Mugumu kwa mstari wa moja kwa moja. Uso wa dunia umepinda. Mwali wa rada ukifika umbali huo unakuwa umeinuka kilomita kadhaa juu ya ardhi, unaona kichwa cha wingu na kuikosa miguu yake. Wingu lenyewe la radi linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, likaloesha kijiji kimoja na kuacha cha pili kikavu. Kwa wavuvi wa Ziwa Victoria kazi kubwa imefanyika: mradi ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kati ya 2017 na 2021 ulizisaidia nchi za ziwa hilo kutoa maonyo mapema zaidi. Nchi kavu, kwa mkulima mwenye udaga juu ya jiwe, kilomita za mwisho za utabiri bado zinatembezwa kwa mdomo. Na mdomo huo, nilivyoona Morotonga, unafanya kazi kwa bidii.

Mzee niliyepelekwa kumwamkia mchana huo ndiye aliyenifundisha zaidi. Alikuwa chini ya mwembe, fimbo miguuni, mbuzi wake wakila karibu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanielekeza kigoda. Kwanza aliniuliza kwetu ni wapi na kama kumenyesha. Kisha akanieleza hesabu yake. Asubuhi upepo unatoka hifadhini. Jua likipita utosini unageuka, unatoka ziwani. Siku ukigeuka upesi, halafu pepo zote mbili zikanyamaza na majani ya mwembe yakaacha kucheza, "ingiza mbuzi, tata, usiulize." Na wingu la kutazama si la ziwani. La ziwani ni la watu wa Musoma, na huja usiku. La kwetu ni la upande wa hifadhi, likiinuka jeupe na kukaa wima.

Niliporudi kusoma jinsi wataalamu wanavyoieleza hali ya hewa ya bonde hili, nilikuta hesabu ileile kwa maneno mengine. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, na maji mengi hivyo hujitengenezea upepo wake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huingia bara. Huku mashariki unakutana na upepo unaotoka Bahari ya Hindi. Pepo hizo zinapokutana hewa inalazimika kupanda, na ikiwa na unyevu wa kutosha, alasiri wingu hufika kimo cha zaidi ya kilomita kumi, mahali ambapo maji ni barafu. Hapo ndipo mvua ya mawe inapopikwa. Mpangilio huohuo, ukiufuata kuelekea kaskazini hadi Kenya, ndio unaoifanya Kericho kuhesabiwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na wakulima wa chai wa huko wanaujua uchungu wake. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, upepo hutoka pande zote kuelekea ziwani, na dhoruba huhamia kwa wavuvi. Mzee wangu hakuwa ameona ramani ya upepo. Alikuwa ametazama mbingu ileile kwa zaidi ya miaka sabini na kukumbuka.

Nilimwuliza kuhusu Elnino. Alisema jina hilo ni la watoto, mvua yenyewe ni ya zamani. Kubwa aliyoiona akiwa mtoto ilikuwa ya mwaka wa Uhuru. Mvua ilianza kabla ya sherehe na haikukoma baada yake, na watu wakasema Uhuru umekuja na maji. Hilo linathibitishwa na kumbukumbu za vipimo: vuli ya 1961 ilikuwa miongoni mwa kubwa zilizopimwa Afrika Mashariki, na hadi 1964 kina cha Ziwa Victoria kilikuwa kimepanda kwa zaidi ya mita mbili. Mtu anayesema "mwaka wa Uhuru" chini ya mwembe wa Morotonga anataja takwimu sahihi, na inafaa vijana wanaopita na madaftari ya utafiti wamwandike.

Kwa dereva wa watalii niliyekutana naye kwenye mgahawa karibu na stendi, dhoruba ilikuwa na sura tofauti. Alikuwa ametoka hifadhini kupitia lango la Ikoma. Alisema nyumbu wamekwisha kushuka, wanaelekea Ndutu, na nyumbu hawafuati kalenda, wanafuata mvua. Wanyama hao ni zaidi ya milioni moja, na kila mwaka majira ya vuli hutoka upande wa Mara na kurudi nyanda za kusini ambako mvua za kwanza zimeotesha majani mafupi. Dereva aliitaja habari hiyo kama anavyotaja hali ya barabara: wakishuka mapema, yeye anabeba minyororo na majembe mawili. Mama lishe aliyekuwa anapakua ugali na sato alisikiliza, akamwambia msichana wake asichemshe maharage mengi ya jioni. Mvua ikipiga wateja hawatoki. Hivyo safari ya nyumbu wa Serengeti ikaamua kiasi cha maharage katika sufuria la Mugumu.

Fundi wa kupaua nilimkuta juu ya kenchi, anapigilia bati za nyumba ya vyumba vitatu. Alikuwa na haraka, lakini alikubali kuzungumza bila kushuka. Alisema upepo haung'oi bati, unang'oa uzembe. Bati inashikwa na papi, papi na kenchi, kenchi na ukuta. Mahali pamoja pakiwa na msumari mmoja badala ya mitatu, paa zima linaondoka pamoja. Yeye hufunga kenchi kwa nondo iliyozikwa ndani ya lenta, na wateja wengi humwambia aache, nondo ni ghali. "Wananikumbuka Novemba," alisema. Kisha akataja Mwakata.

Nadhani watu wengi wa Kanda ya Ziwa wanaikumbuka Mwakata. Usiku wa kuamkia Machi 4, 2015, mvua ya mawe yenye upepo iliipiga kata hiyo ya Wilaya ya Kahama, nyumba za tope zikawaangukia waliolala, na watu zaidi ya 40 wakafa. Fundi alikuwa na ndugu upande huo wakati ule. Hakuendelea kusimulia, na mimi sikumwuliza. Aliongeza misumari.

Saa nane na nusu wingu lilikuwa limesimama upande wa hifadhi, jeupe juu, chini bluu ya giza. Mwembe ulinyamaza. Barabarani kila aliyepita alisema neno kwa aliyesimama: "Umeanua?" "Mbuzi wako wawili nimewaona kule kwa mwalimu." "Mama Fulani hayupo, ingieni mtoe nguo zake kambani." Hakukuwa na salamu nyingine katika nusu saa hiyo. Nimesafiri katika miji ambako jirani hajui kama una nguo kambani, na ninasema kwa moyo wote kwamba nusu saa ile ya Morotonga ni mfumo wa tahadhari ambao serikali yoyote ingejivunia kuwa nao. Unafika kila mlango. Unajua nani ni mgonjwa, nani ni mzee, nani yuko sokoni. Unawafikia na wale wasio na simu.

Kisha upepo ukaja na vumbi, vumbi likaja na matone makubwa, na kwa dakika chache mawe ya barafu yenye ukubwa wa maharage yakapiga bati kiasi kwamba ndani ya nyumba hatukuweza kusikizana. Radi zilipiga karibu. Mwalimu alimwonyesha binti yake mdogo kuhesabu tangu mwanga hadi mlio: kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Binti alihesabu moja, mbili, na mlio ukamkata. Mke wa mwalimu alikuwa amefunika kioo kwa khanga na kumvua mtoto fulana nyekundu, kama alivyofundishwa na mama yake. Mwalimu hakubishana naye. Alichosisitiza ni watu wakae mbali na mlango, dirisha na waya wa umeme, na mtu asikimbilie chini ya mti.

Ilipokwisha, simu zilianza upya. Upande wa mashariki mashamba ya mahindi yaliyofika kiunoni yalikuwa yamechanwa majani. Kwetu bustani ya sukuma wiki ya mwalimu ilikuwa imetobolewa, basi. Udaga ulikuwa ndani, mkavu. Turubai la wafyatua matofali lilishika, isipokuwa kona moja. Nyumba ya fundi ilikuwa na paa lake.

Jioni hiyo mwalimu alinieleza linalomnyima usingizi, na si mahindi. Shule moja ya maeneo hayo iliwahi kuezuliwa madarasa, bahati ikawa ni siku ya Jumapili. Madarasa yalipauliwa tena, rangi ikapakwa, wageni wakaja kufungua. Kinga ya radi haikuwekwa. Nilimsikiliza kama mgeni anavyomsikiliza mwenyeji, lakini maneno yake yamekuwa mazito zaidi kila mwaka. Desemba 3, 2023, wiki chache baada ya safari yangu, mvua za msimu uleule zilishusha tope kutoka Mlima Hanang likaifunika Katesh na vijiji vyake, na watu zaidi ya 80 wakafa. Januari 27, 2025, radi iliwapiga wanafunzi wa Shule ya Sekondari Businda, Wilaya ya Bukombe mkoani Geita, wakiwa darasani. Wanafunzi saba walikufa na wengine kadhaa wakajeruhiwa. Walikuwa ndani ya jengo, mahali ambapo kila mtoto anaambiwa akimbilie.

Maneno ya watu wa Morotonga yanaweza kuokoa udaga, mbuzi na matofali, na yanaweza kumtoa mgonjwa kwenye nyumba dhaifu. Hayawezi kuupitisha umeme wa radi pembeni ya darasa hadi ardhini. Hilo linafanywa na fimbo ya chuma juu ya paa na waya mnene wa shaba uliozikwa, na gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya darasa. Vuli inarudi kila Oktoba na msimu wake unajulikana. Wewe unayechangia ujenzi wa shule kwenu, iwe uko Mugumu, Dar es Salaam au ng'ambo, kabla hujatoa shilingi yako muulize mwenyekiti wa kamati mambo mawili: kenchi zimefungwa na nini kwenye lenta, na kinga ya radi iko wapi. Akikosa jibu, mchango wako uanzie hapo.